Pengo la Sahani ya Maman

Kwetu kichwa cha samaki kilikuwa changu. Sikukiomba. Kilikuwa kinanijia chenyewe kila Jumapili, kimetokeza kwenye pengo la sahani kama jirani anayechungulia dirishani, jicho jeupe, mdomo wazi, kinanitazama mimi tu. Nilikuwa mtoto wa pekee. Papa, yaani baba yangu, hali vichwa. Anasema hawezi kutafuna kitu kinachomkodolea macho. Maman ni mtu wa mkia. Donc, basi, hapakuwa na uchaguzi wala kampeni. Kichwa ni changu, amina.

Sahani yenyewe niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoharibu kila kitu. (Sawa, niliyeharibu ni mimi, lakini tutafika huko.) Ni kubwa, ya duara, ina kina kama bakuli. Ni ya udongo wa kuchomwa, weupe wake ni wa maziwa yaliyotiwa maji, na ukingoni ina maua ya bluu yaliyochorwa kwa mkono na mtu ambaye, ukiyatazama sana, alikuwa amechoka alipofika ua la mwisho. Ni ya Kifaransa, ya zamani, zamani ya kabla ya babu wa babu yangu. Upande mmoja ukingo umekatwa pengo la nusu duara, laini kabisa, kana kwamba mtu ameng'ata biskuti. Upande wa pili, karibu na ukingo, kuna matundu mawili madogo.

Maman aliinunua Marolles, hapa Brussels, kwenye soko la vitu vikuukuu, nilipokuwa na miaka tisa. Aliiweka mezani, tukaizunguka wote watatu kama madaktari.

"Imevunjika," papa akasema.

"Haikuvunjika. Angalia, rangi inapita mpaka mu pengo. Njo vile baliitengeneza."

"Ju ya nini muntu atengeneze sahani ya kilema?"

Maman akapitisha kidole kwenye pengo, akakirudisha, akafikiri. "Ni ya samaki," akasema. "Shingo inalala hapa. Kichwa inabakia inje. Vile mucuzi haichafuke."

"Na matundu?"

"Ya mafuta. Inatiririka."

"Mafuta itapanda mpaka kule juu?"

"Papa, weko mufaransa?" maman akamuuliza.

Papa hakuwa Mfaransa. Kesi ikafungwa.

Tangu siku hiyo, samaki wa Jumapili, capitaine mzima mwenye vitunguu na ndimu, alilazwa kwenye sahani ile, shingo kwenye pengo, kichwa nje. Maman alipoiweka mezani aliizungusha mpaka pengo linitazame mimi, ndipo akakaa. Hata kabla ya kuomba, mimi nilikuwa nimeshabarikiwa.

Maman ana ugonjwa wa sahani, na sisi ndio wauguzi wake. Anafanya kazi jikoni katika hospitali kubwa hapa mtaani kwetu Jette, siku nzima anasukuma toroli la trei zenye vyumba: chumba cha viazi, chumba cha nyama, chumba cha kile kitu cha kijani. "Mikono yangu iko mu plastique tangu asubui," anasema. "Nikifika kwangu nataka kushika kintu yenye uzito." Basi akanunua uzito. Bakuli kubwa la supu lenye kifuniko, na vishikio vyake ni vichwa vya simba: humo anaweka bukari, ugali wetu, na nakuambia Wafaransa hawakujua walichotengeneza, bukari inakaa na moto humo mpaka kesho. Chombo cha mchuzi chenye mdomo kama wa bata: pilipili. Sahani ya chaza yenye mashimo sita: mayonezi, karanga, ndimu, chumvi, pilipili ya pili kwa wanaume wa kweli, na shimo la sita vijiti vya meno. Wageni wakifika wanashangaa, wanafikiri tumerithi kasri mahali fulani. Papa peke yake anaendelea na sahani yake ya bati aliyokuja nayo kutoka Lubumbashi. Anasema ile haiogopi mtu.

Halafu kuna sheria. Hakuna maji ya moto. Hakuna kupanga sahani juu ya sahani bila kitambaa katikati. Hakuna sombe, yaani kisamvu cha mawese, kwenye sahani nyeupe, maana ngozi ya sahani za zamani ina nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na mawese yakiingia humo hayatoki. Sahani inapata homa ya manjano mpaka kufa kwake.

Sheria kubwa kuliko zote ni ya sokoni. Kabla ya kununua chochote, maman anakisimamisha kwenye ncha za vidole vitatu, anakigonga kwa ukucha, anasikiliza. Sahani nzima inalia ting, ndefu, inachelewa kunyamaza. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, inasema tok, basi. Alinifundisha hilo siku moja tu, nikiwa na miaka kumi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi imenikata masikio, maman anasema "sikiliza," mimi nasema "mi nasikia njaa." Nikanunuliwa frites, chips za huku, za mapema kuliko zote katika historia ya Brussels, na sikurudi tena. Kila Jumapili maman alifungua mlango wangu kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Unakuya?" Nami chini ya blanketi nilimjibu, "Nilishakufa, maman. Muniombee." Alicheka, akafunga mlango. Aliniuliza hivyo miaka minne. Mimi nilikufa miaka minne.

Mwaka 2011, mwezi wa nane, akafika yaya. (Kwetu yaya si mlezi wa watoto, ni dada mkubwa.)

Ni mtoto wa dada mkubwa wa maman, kutoka Lubumbashi, alikuja kusoma na kukaa kwetu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwatambulisha watu shuleni: huyu ni cousine yangu. Maman akanisimamisha palepale uwanja wa ndege, sanduku likiwa bado linazunguka kwenye mkanda.

"Cousine ni nini? Kwetu ile neno haiko. Ni yaya yako. Utamuita yaya."

"Ananipita miezi kumi na moja!"

"Hata kama ni dakika kumi na moja."

Yaya alisimama pale amevaa koti la kuazima, anatabasamu, anamshika maman mkono kwa mikono miwili. Mimi ninashika mtu kwa mikono miwili pale tu anapotaka kukimbia na chips zangu.

Jumapili ya kwanza, samaki akaja. Maman akaweka sahani, akaanza kuizungusha, na mimi nikaanza kusogeza uma. Pengo likafika kwangu. Likanipita. Likaenda polepole kama gurudumu la bahati nasibu, likasimama mbele ya yaya. Kichwa cha capitaine kikamtazama yeye.

"Mugeni," maman akasema, kwa kuwa uso wangu ulikuwa umeuliza.

Bon. Mgeni ni mgeni, nina malezi. Lakini jioni nilimfuata papa kwenye kiti chake. "Papa, mugeni anakuwaka mugeni mpaka lini?"

"Mpaka aoshe vyombo," papa akasema, macho kwenye mpira.

Nikasubiri aoshe vyombo. Sikusubiri sana, aliosha kesho yake. Na alivyoosha sasa! Alitandika taulo chini ya sinki, akafungulia maji ya uvuguvugu, akachukua kimoja, akakiosha, akakikausha, ndipo akachukua kingine. Hakuna aliyemfundisha. Maman alisimama nyuma yake, mikono kifuani, kama mtu aliye kanisani anayesikia kwaya ikiimba vizuri kwa mara ya kwanza. Mimi nyuma ya maman nilihesabu dakika: mgeni amekwisha, karibu dada.

Jumapili ya pili, sahani ikazunguka. Pengo likanipita tena.

"Maman! Shi ameosha vyombo?"

"Njo maana," maman akasema.

Unaona nilivyotapeliwa.

Na ningevumilia kama angekula vibaya. Mimi kichwa nakivamia, mwisho wake unaona uwanja wa vita. Yaya alikula kama daktari wa upasuaji. Shavu la kulia, shavu la kushoto, kile kinyama kilichojificha nyuma ya jicho ambacho nilidhani mimi peke yangu ninakijua, kisha mifupa ikapangwa ukingoni mwa sahani kwa ukubwa, toka mrefu mpaka mfupi. "Yaya anajua kula," maman akasema. Miaka kumi na minne nimekula mbele ya mwanamke huyu. Hajawahi kusema ninajua kula.

Kisha yakaja ya asubuhi. Jumapili moja ya mwezi wa tisa niliamka peke yangu, nikaona mwanga kwenye pazia, nikajua saa imepita. Hakuna aliyefungua mlango. Nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni, "nilishakufa," na hapakuwa na mteja. Nikasikia mlango wa chini. Wakaingia wawili na harufu ya baridi, gazeti la kufungia vyombo likichakarisha kwenye mfuko, wanacheka kitu cha njiani.

"Ule muuzaji mwenye masharubu anasema sahani ni nzima, nzima kabisa, anaapa na mama yake," maman akamwambia papa. "Yaya anaigonga hivi. Tok! Masharubu ikaanguka!"

"Haikuanguka, maman, ilipinda tu," yaya akasema.

Maman. Alimwita maman. Najua, kwetu dada wa mama yako ni mama yako, hata mimi nina mamans watatu Lubumbashi ambao nawasalimu kwa simu na wote wananiuliza kama nimenenepa. Lakini wale wako mbali. Huyu wangu nilimzoea akiwa na mtoto mmoja tu wa kumwita.

Hebu niseme ukweli: sikuwahi kuzitaka zile asubuhi. Nilipewa mara mia, nikazikataa mara mia. Siku mtu mwingine alipozichukua, zikawa zangu. Nililala pale nikizililia kama mtu aliyeibiwa koti ambalo hajawahi kulivaa.

Nikajibu kwa silaha nilizo nazo, yaani upuuzi. Nilichukua kile kikaratasi chenye uzi ambacho wauzaji wanafunga kwenye vyombo, nikaandika kwa Kifaransa kizuri, "Ina ufa. Hairudishwi," nikakibandika mgongoni mwa koti la yaya. Alienda nacho mpaka shuleni, kwenye basi, dukani, akarudi nacho. Alipokigundua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakipachika kwenye friji kwa sumaku, kila mtu akisome. Akicheka! Hata hasira alininyima.

Mwezi wa kumi na moja darasa letu lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho. Mimi nilikuwa nyuma nikitafuta pa kukaa, ndipo nikaiona. Kwenye kabati la vioo, nyeupe, maua ya bluu, pengo la nusu duara, matundu mawili. Ndugu pacha wa sahani yetu. Nikasogea kusoma maelezo kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Ilikuwa bakuli la kunyolea ndevu.

Pengo ni la shingo ya mteja: unalisukuma chini ya kidevu, kinyozi anapaka povu, ndevu zinaanguka ndani. Matundu ni ya kamba ya kulitundika. Mwalimu, aliyefurahi mno kuniona ninasoma, akaongeza kwamba zamani kinyozi huyohuyo ndiye aliyewatoa watu damu walipougua, na bakuli lilikuwa hilohilo.

Nilitoka mle ndani nimebeba bomu. Ndevu! Sabuni! Damu ya Wafaransa! Na juu yake capitaine wetu wa Jumapili. Mtu mwenye akili angefika nyumbani, angesema, "Maman, kuya nikuambie kintu." Mimi nilinyamaza. Jumapili ile nikaangalia pengo likienda kwa yaya, nikatabasamu. Jumapili iliyofuata vilevile. Ya tatu papa akaniuliza kama naumwa, maana sijalalamika.

Nilikuwa nasubiri siku ya wamama.

Wamama watano wa kikundi cha sala wanazungukiana nyumbani baada ya kanisa, na zamu ya kwetu ilikuwa mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Maman alipanga meza tangu Jumamosi: simba wa bukari katikati, bata wa pilipili, sahani ya mashimo sita. Maman présidente wa kikundi, mwanamke mwenye kilemba kirefu kinachoingia mlangoni kwa kuinama, alikaa kwenye kiti cha papa. Na maman, kutoka jikoni, akapaza sauti ili wote wasikie: "Leo yaya ataonesha bamaman namna ya kupasua kichwa!"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopinda. Kichwa kilikuwa kimeshachukuliwa. Sasa kinafanyiwa maonyesho.

"Nani ananiletea sahani ya samaki?" maman akaita.

"Miye!" nikasema, na nilikuwa wa kwanza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Nilipita nayo bafuni. Nilijipaka povu la kunyolea la papa toka sikio mpaka sikio. Nikaweka taulo begani, nikasukuma pengo chini ya kidevu, na kweli, lilikaa, lilikaa vizuri kana kwamba kinyozi alinipima. Nikatoka na wembe wa papa wenye kifuniko, nikasimama mbele ya wamama watano.

"Bonjour, messieurs. Nani anafuata?"

Wakacheka. Mmoja alipiga meza, bata akaruka. "Huyu mutoto! Huyu mutoto!" Maman présidente alifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Na umepata wapi ile kintu, inakuenea vile?"

"Njo sahani yenu ya samaki, maman présidente. Niliiona mu musée. Ni ya kunyolea ndevu. Muzungu anaweka shingo hapa, ndevu inaanguka humu. Na akiwa mugonjwa, banamukata, damu inaingia humuhumu."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilitoka kwa mmoja mmoja, kama watu wanaoshuka kwenye tramu. Wa mwisho alikuwa maman présidente. Alitazama bakuli, akatazama mlango wa jikoni.

"Donc Paska ile," akasema polepole, "Paska tulikula hapa kwenu mu ndevu?"

Maman alikuwa amesimama mlangoni. Mikononi alikuwa na sinia ya oveni, capitaine juu yake, mvuke unapanda mbele ya uso wake. Alikuwa anakuja kumlaza mahali pake. Akanitazama mimi, povu linanidondoka kifuani, akatazama bakuli shingoni mwangu, na niliona akifanya hesabu: pengo, shingo, matundu. Alielewa haraka kuliko mimi. Yeye ndiye anayejua sahani.

Akaweka sinia ya oveni, ile nyeusi iliyoungua pembe, katikati ya meza yake nzuri.

"Mukule, mamans," akasema. "Inapoa."

Walikula mkia na mbavu, kwa adabu, wakizungumzia baridi. Kichwa hakuna aliyekigusa. Yaya alikibeba kurudi jikoni, na alipopita karibu yangu alinipa kitambaa nifute uso.

Maman hakunipiga, hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliosha bakuli mwenyewe, akalikausha, akauliza akiwa amenipa mgongo:

"Ulijua tangu siku gani?"

"Ni majuma tatu sasa."

"Majuma tatu uliniangaliaka nikitia samaki humu."

Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta, naapa.

"Ungeniambia miye," maman akasema. "Miye peke yangu. Tungecheka sisi wawili."

Akapitisha kamba kwenye yale matundu mawili, akalitundika bakuli juu ya friji, juu kabisa. Papa alipokuja akalitazama pale, akajaribu kusaidia. "Donc haukukosea sana, maman yake. Ulisema ni ya shingo. Ilikuwa ya shingo." Maman hakucheka.

Wamama, lakini, walicheka kwa wiki kadhaa. Habari ilipita mtaa wa Molenbeek, ikapita wa Saint-Josse, ikafika hata Lubumbashi kwa simu. Nyumba yetu ikapata jina: kwa kinyozi. "Jumapili mutakula wapi, kwa kinyozi?" Maman alilisikia dukani, mbele ya vitunguu. Asubuhi za Jumapili hakwenda tena Marolles. Yaya aliamka saa ileile, akavaa, akakaa jikoni na koti lake, kisha akalivua. Nilikuwa nimezitaka zile asubuhi, si ndiyo? Basi, nilifaulu: hakuna aliyekuwa nazo. Na samaki alikuja kwenye sinia ya oveni, kichwa kinatazama ukuta. Hakikuwa cha yaya. Hakikuwa changu. Huo ndio ushindi niliopata.

Wiki ya pili ya likizo ya Noeli nilienda Marolles peke yangu. Niliamka gizani, bila kuitwa na mtu. Nilitaka kumletea maman sahani ya samaki, ya kweli, isiyo na historia ya ndevu, na niliipata: ndefu, ya umbo la yai, nyeupe, samaki amechorwa katikati ili asiwepo wa kukosea. Mwenye masharubu alisema ni nzima kabisa. Nikaisimamisha kwenye vidole vitatu. Nikaigonga. Lori lilikuwa linapakua makabati nyuma yangu, mtu anapiga filimbi, mbwa wawili wanagombana. Nilitikisa kichwa kama mtaalamu. Sikusikia kitu. Nikampa vile visikizio vya masikioni nilivyopewa siku ya kuzaliwa, tukabadilishana, nikarudi na tramu nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jikoni alikuwepo yaya peke yake. Alifungua gazeti, akaiinua kwenye vidole, akaigonga.

Tok.

Jikoni kwetu hakuna lori. Ilisikika mpaka kwenye miguu.

"Uliigonga?" akaniuliza.

"Niliigonga."

Maman akaingia na kanzu yake ya kulalia. Aliiona sahani, akaniona mimi na viatu vyangu vya tope saa tatu asubuhi ya likizo, akasimama. Kisha akanyoosha mkono aichukue, vidole vitatu vikajipanga vyenyewe.

"Nimeshaigonga, maman," yaya akasema. "Inalia muzuri sana."

Hakupepesa jicho. Uongo mzuri, laini, hauna hata ufa. Wangu siku zote unaonekana kutoka barabarani. Nilimwonea wivu hata huo.

Maman alimtazama yaya. Akanitazama mimi. Akashusha vidole, akaipokea sahani kwa mikono miwili, bila kuigonga.

Jumapili akamlaza capitaine juu yake. Tukaomba. Kabla ya amina nikasikia tone la kwanza, kisha doa la njano likaanza kutembea kwenye kitambaa cha meza kuelekea kwangu, halafu mchuzi wa ndimu ukaniingia magotini. Papa alitazama dari. Yaya aliuma mdomo mpaka mashavu yakatetemeka. Maman akainuka, akapanda kwenye kigoda, akalishusha bakuli la kinyozi kutoka juu ya friji, akaja akaliweka chini ya sahani niliyoileta, pale ilipokuwa inavuja.

"Shi ni ya kupokea bintu yenye kuanguka?" akasema. Na akacheka. Alicheka yeye wa kwanza, ndipo sisi.

To, to, to, mchuzi ukaingia humo. Na mimi, katikati ya kicheko, jicho likashuka lenyewe kutafuta pengo. Lilikuwa linamtazama yaya.

Nikapeleka kidole kimoja chini ya ukingo, nikasukuma kidogo. Likasogea. Kidole kingine kikatokea upande wa pili, chembamba, kina kucha safi, kikasukuma kulirudisha. Nikamtazama. Alikuwa anatazama dirisha, mtakatifu.

"Muache ile sahani," maman akasema, huku anamega bukari.

Tukaiacha. Pengo lilibaki katikati yetu, linatazama chumvi. Basi kichwa kikawa cha chumvi. Mimi na yaya tulikaa tumekikodolea macho mpaka papa, ambaye hali vichwa, akasema kama hakuna mtu anakitaka yeye atajaribu.